Bangi halali ya mume wangu inanuka nyumba nzima na filta ipo. Tatizo nini?

#1 MsambaaWaBaridi
Habari zenu wakuu. Nitangulize kabisa kwamba tupo Edmonton, Kanada. Huku miche minne kwa nyumba ni halali tangu Oktoba 17, 2018, kwa hiyo naomba tusianze na habari za polisi. Nyumba ni yetu, hatujapanga. Ni zile nyumba pacha, ukuta mmoja tunachangia na jirani.

Mume ana tenti ya kukuzia miche huko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, mita 1.2 kwa 1.2, kwenda juu mita 2. Miche mitatu. Feni ya inchi 4, filta ya mkaa imening'inizwa juu ndani ya tenti, na bomba linamwaga hewa humo humo besimenti maana nje ni hasi 28 na hataki kutoboa ukuta. Tenti ina kufuli, mlango wa besimenti una kufuli, watoto hawafiki.

Miche ilipokuwa midogo hapakuwa na shida yoyote. Tangu maua yaanze kujaa, nyumba inanuka. Na hapa ndipo nisipopaelewa: ukisimama kando ya tenti harufu ni ya kuvumilika. Ukipanda sebuleni inakukaba. Chumba cha watoto ghorofani ndiyo kabisa.

Mume anasema filta imekufa, tununue nyingine. Mimi naona tutatupa hela. Mama mkwe anakuja mwezi ujao kutoka Lushoto. Yule mama akiingia jikoni anakuambia kitunguu kilikatwa saa ngapi. Wenye ujuzi naomba mtiririke.

#2 Kiazi_Kitamu
Ngoja nivute kiti. Mama mkwe na miche mitatu paa moja, huu uzi siutoki.

#3 Mzee_wa_Hekima
Mnasomeshwa, mnauziwa ng'ombe mpate nauli, mnafika Kanada mnalima bangi. Huku kwetu mngekuwa mnahesabu nondo sasa hivi. Sheria yetu ya 2015 haiulizi mche ni mmoja au shamba.

#4 MsambaaWaBaridi
Shikamoo mzee. Ndiyo maana nimesema niko wapi. Ni kwa ajili ya mgongo wake, mimi hata sigara sivuti. Nasaha nimepokea, sasa nisaidie na harufu.

#5 Bomba_la_Moshi
Dada, kabla hujanunua chochote jibu haya. Unyevu ndani ya tenti ni asilimia ngapi? Filta ina muda gani? Kile kitambaa cheupe kinachovikwa nje ya filta kimewahi kufuliwa?

Nauliza hivyo kwa sababu mkaa wa filta hauchuji harufu kama chujio la chai. Harufu inanata kwenye vitundu vidogo vya mkaa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kuanzia asilimia 70 hivi, maji yanakalia vile vitundu na harufu inakosa pa kushika, inapita. Filta nzima kabisa inaweza kuonekana imekufa kumbe imelowa tu. Unyevu ukishuka inarudi kazini. Kwa maua tungependa iwe kati ya 40 na 50 hata hivyo, vinginevyo ukungu utakula mavuno kabla mkwe hajafika.

#6 Nyali_Boy
Mimi niko Mombasa, silimi, lakini nafunga mitambo ya baridi hotelini kwa hivyo hewa naielewa. Piga hesabu: 1.2 × 1.2 × 2 ni mita za ujazo 2.88. Ukitaka hewa yote ibadilike kila dakika, zidisha kwa 60, unapata kama 173 kwa saa. Feni ya inchi 4 huandikwa 200 kwenye boksi. Umebakisha kidogo sana hapo. Nunua ya inchi 6, achana na filta.

#7 Bomba_la_Moshi
Nyali_Boy umechanganya vipimo mkuu. Ile 200 ya kwenye boksi ni futi za ujazo kwa dakika. Futi moja kwa dakika ni kama mita za ujazo 1.7 kwa saa, kwa hiyo feni yake ni 340, karibu mara mbili ya anachohitaji. Wala si lazima hewa ibadilike kila dakika, hata dakika 3 watu wanaishi nazo. Akiweka ya inchi 6 hewa itapita kwenye mkaa mbio mno na harufu haitapata muda wa kunata. Atazidisha tatizo.

#8 Nyali_Boy
Hapo kwa vipimo sawa, nimekubali. Lakini 340 ni ya boksi, feni ikiwa mezani haina kitu mbele yake. Vika filta, funga lile bomba la makunyanzi, kunja kona mbili, utapata nusu ukiwa na bahati. Kwa hivyo bado sijashindwa.

#9 Kijiti_cha_Udi
Assalaam alaykum. Niko Maskati, huku hicho kitu hata jina hulitaji kwa sauti, lakini habari ya moshi sisi ndio wenyewe. Dada, washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kwenye zipu ya tenti na pembe zote za chini huku feni inafanya kazi. Moshi ukivutwa kuingia ndani, tenti yako haivujishi. Ukisukumwa nje, hapo ndipo pa kuziba.

Na usije ukadanganywa ufukize udi nyumba nzima kuficha. Udi haufuti harufu, unaipandia juu. Utakuwa na harufu mbili na mkwe atauliza zote.

#10 Kiazi_Kitamu
"Mkwe atauliza zote." Nimecheka hadi bosi kageuka.

#11 MsambaaWaBaridi
Asanteni. Nimefanya la udi. Moshi unavutwa ndani kila mahali, na kuta za tenti zenyewe zimebonyea kwa ndani. Kipimo cha unyevu kinasoma 48 taa zikiwaka, lakini asubuhi nilipowahi kabla taa hazijawaka kilikuwa 71. Kitambaa cha filta kina vumbi, hakijawahi kufuliwa. Filta ameinunua na tenti, haijafika mwaka.

Halafu nimegundua kitu: feni na taa ziko kwenye taima moja. Taa zikizimika, feni nayo inazimika.

#12 Bomba_la_Moshi
Haya, tumemkamata mwizi! Miche ya maua inalala kwa muda wa saa 12 kila siku. Saa 12 zote hizo feni imezima, tenti haivuti tena, unyevu unapanda, na harufu inatoka taratibu kwenye kila tundu la sindano. Feni haifungwi na taa, inatakiwa kufanya kazi usiku na mchana. Usiku mnaweza kuipunguza kasi lakini isizime. Kesi imefungwa.

#13 FundiFanesi
Haijafungwa. Kazi yangu huku Alberta ni kufunga na kutengeneza fanesi za gesi, na nimeshangaa hakuna aliyesoma vizuri post ya kwanza. Kasema kando ya tenti harufu kidogo, juu nyingi. Feni kuzima usiku hakuelezi hilo. Ingekuwa tenti inavuja, besimenti ndiyo ingenuka kuliko kote.

Fanesi zetu zinapuliza hewa ya moto vyumbani kwa mabomba ya bati, na zinanyonya hewa ya nyumba irudi kupashwa tena. Yale mabomba ya kurudishia hewa yanapita besimenti, na katika nyumba nyingi maungio yake hayajazibwa kabisa. Yana nyufa, wakati mwingine ni nafasi tu kati ya mbao mbili iliyofunikwa kwa bati. Yananyonya hewa ya besimenti na kuisambaza mpaka kitandani kwa watoto. Dada, tenti iko umbali gani na fanesi?

#14 MsambaaWaBaridi
Hatua tatu hivi. Mdomo wa bomba la feni unaangalia fanesi kabisa.

#15 FundiFanesi
Sina la kuongeza. Geuzeni huo mdomo leo, halafu zibeni maungio ya bomba la kurudishia kwa tepu ya bati, ile ya alumini. Msitumie tepu ya kitambaa, inabanduka. Na kuna filta ya fanesi yenyewe, ile bapa. Hiyo inashika vumbi tu, haina habari na harufu, msihangaike kununua ya bei mbaya.

#16 Mswahili_Bonn
Fundi nakuheshimu, lakini hata nyumba isiyo na fanesi ya kupuliza ingefanya hivyohivyo. Huku Ujerumani tunapasha nyumba kwa maji ya moto ndani ya mabati ya ukutani, hakuna hewa inayopulizwa, na harufu ya kuanika nguo chini unaikuta ghorofa ya juu. Hewa ya moto inapanda. Nje hasi 28, ndani 20 na ushee, nyumba nzima inageuka dohani: chini inanyonya kutoka nje, juu inasukuma nje. Hewa ya besimenti haina njia nyingine ila ngazi na matundu ya nyaya na mabomba. Akizima fanesi harufu itaendelea kupanda.

(Na sisi tumeruhusiwa tangu Aprili 1, 2024, miche mitatu kwa mtu mzima.)

#17 Jasho_la_Damu
Hapo kwenye miche, mbona kwa dada ni minne kila mtu mzima? Yeye na mumewe wana haki ya minane. Anajinyima bure.

#18 FundiFanesi
Jasho usimtie mtu matatani. Kanada ni minne kwa nyumba, hata mkiishi watu wazima sita. Ujerumani ndiyo inahesabu kwa kichwa. Na hata hapa Kanada si kila mkoa: Quebec wamekataza kulima nyumbani, mtu akaenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na 2023 mahakama ikasema Quebec wana haki ya kukataza. Kwa mpangaji au mwenye apatimenti kuna masharti ya mwenye nyumba pia.

#19 Bukavu_Winnipeg
Sisi wa Manitoba tulikatazwa mpaka 2025, ndiyo tukafunguliwa. Lakini mama, miye nauliza kitu kingine. Una baraza ya mbao nyuma ya nyumba? Chini yake kuna uwazi? Mwaka jana nilimsingizia jirani wangu kijana kwamba anavuta usiku, nikaacha hata kumsalimia. Kumbe kulikuwa kicheche amelala chini ya baraza langu. Mwezi wa pili wanaanza kutafuta wake, wanagombana, wanarushiana ile maji yao. Inaingia ndani ya nyumba, na inafanana na bangi kabisa.

#20 Kiazi_Kitamu
Mama mkwe, bangi, na sasa kicheche. Sasa hivi atatokea mtu aseme ni majini.

#21 Mzee_wa_Hekima
Yalikuwa yanakuja, umeniwahi.

#22 Kemia_ya_Mtaa
Bukavu hajakosea sana, na ngoja nieleze kwa nini. Watu wengi wanajua bangi inanuka kwa sababu ya tepini, kemikali za harufu zile zile za limau, msonobari na pilipili manga. Ni kweli zipo na ndizo nyingi. Lakini ile harufu kali ya kukaba haitoki huko. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha inatokana na kiasi kidogo mno cha kemikali zenye salfa, za ukoo mmoja na anachorusha kicheche wa Marekani. Zinaongezeka wiki za mwisho za maua, ndiyo maana miche midogo haikuwasumbua.

Mojawapo ndiyo hiyo hiyo inayotokea kwenye bia ya chupa ya kijani au nyeupe ikiachwa juani. Mnaokunywa mnaijua ile bia iliyopigwa jua. Pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe chache kwenye matrilioni. Kwa hiyo filta inaweza kuzuia karibu yote, na hicho kidogo kilichopita kikatosha kunukisha nyumba.

Sasa jambo la maana kuliko yote kwenye uzi huu: gesi ya kupikia na kupashia nyumba huwekwa kemikali za salfa makusudi ili ikivuja uinuse. Dada, nyumba yenu ina gesi. Mmejuaje kwamba mnachonusa ghorofani ni bangi?

#23 FundiFanesi
Naomba post ya Kemia isipite hivi hivi. Kama kuna shaka hata ndogo: usiwashe wala kuzima swichi, usipige simu ukiwa ndani, toa watoto nje, pigia kampuni ya gesi ukiwa nje. Wanakuja bila malipo kukagua uvujaji. Niliwahi kwenda nyumba ambayo wenyewe waliizoea harufu wakidhani ni ya mpangaji wao wa chini. Ilikuwa valvu ya jiko.

#24 MsambaaWaBaridi
Mmenitisha. Nimewapigia, wamekuja, wamezunguka na kipimo chao nyumba nzima. Hakuna gesi inayovuja. Yule kijana alipofika besimenti aliinusa hewa akatabasamu, hakusema kitu.

Majibu mengine. Nimezima kipulizio cha fanesi kwa saa moja na nusu kama Fundi na Bonn walivyobishana. Sebuleni harufu imepungua sana. Chumba cha watoto imepungua kidogo tu. Sasa aliyeshinda ni nani?

Baraza la mbao lipo, na uwazi upo. Theluji imejaa, sijaona nyayo.

#25 Mswahili_Bonn
Chumba cha watoto ni ushindi wangu.

#26 FundiFanesi
Na sebule ni yangu. Tena hewa iliyokwishapanda haitoki ndani ya saa moja na nusu, mapazia na mazulia yameshika harufu. Rudia baada ya kufua mapazia.

#27 Kiazi_Kitamu
Mbona hakuna anayemfikiria jirani? Ukuta mmoja. Naye ana haki ya miche yake minne. Chumba cha watoto kiko upande upi?

#28 MsambaaWaBaridi
Upande wa ukuta wa jirani. Lakini ni bibi wa Kiukreni wa miaka themanini na kitu, anatuletea maandazi yake kila Pasaka.

#29 Kiazi_Kitamu
Ndiyo nasema mchunguzeni huyo bibi. Hayo maandazi mmeyachunguza?

#30 Bomba_la_Moshi
Utani pembeni, Kiazi ana hoja. Ukuta wa kuchangia huwa na soketi za umeme pande zote mbili, na nyuma ya soketi kuna uwazi. Dada apeleke kijiti cha udi kwenye soketi za chumba cha watoto. Moshi ukipeperuka, hewa inapita hapo, iwe ya jirani au inayopanda ukutani kutoka besimenti kwao wenyewe. Kuna vipande vya sponji vya kuweka nyuma ya kifuniko cha soketi, bei rahisi. Zima umeme kwanza.

#31 Biashara_Safi
Habari. Suluhisho la haraka ni mashine ya ozoni. Unaiwasha saa chache, harufu yote inakufa, hata ya sigara na mbwa. Anayehitaji aje PM.

#32 Nesi_wa_Minneapolis
Usiende PM dada. Ozoni inayotosha kuua harufu inatosha kuumiza mapafu, hasa ya watoto na mwenye pumu. EPA, idara ya mazingira ya Marekani, wanasema wazi mashine hizo zisitumike mahali penye watu. Zaidi ya hapo, ozoni ikikutana na zile tepini alizotaja Kemia, hasa ya limau, inatengeneza fomaldehaidi. Utakuwa umebadilisha harufu kwa sumu. Mafundi wa kusafisha nyumba zilizoungua huitumia, lakini nyumba ikiwa tupu, kisha wanaifungua ipate hewa.

#33 Biashara_Safi
Yangu ni ya kiwango kidogo.

#34 Nesi_wa_Minneapolis
Ya kiwango kidogo haiondoi harufu. Chagua moja.

#35 Pangani_Asili
Naomba nirudi kwenye mkaa. Nimesikia filta hizi nzuri ni za mkaa wa vifuu vya nazi. Huku kwetu vifuu tunawashia jiko na vingine vinaoza shambani. Mtu akichoma akasaga si anapata filta?

#36 Kemia_ya_Mtaa
Ni kweli, kifuu ndicho kinachopendwa kwa sababu kinatoa vitundu vidogo sana na mkaa wake ni mgumu, hausagiki kuwa unga. Lakini mkaa wa jikoni bado haujafunguliwa. Kiwandani wanauchoma tena kwa mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hadi 1,000, ndipo vitundu vinafunguka. Baada ya hapo gramu moja ina uso wa kama mita za mraba 1,000. Gramu saba au nane zikitandazwa zinafunika uwanja wa mpira. Mkaa wa jiko hauna hata sehemu ndogo ya hapo. Kwenye friji utasaidia kidogo, kwenye tenti ya maua hautahisi tofauti.

#37 Mzee_wa_Hekima
Hapa nimejifunza, sikatai. Lakini wewe Msambaa, mkwe wako anajua?

#38 MsambaaWaBaridi
Mzee, mwanawe kamwambia kwenye simu jana. Kimya kirefu. Kisha akauliza kama huwa tunaiwekea samadi ya mbuzi au mbolea ya dukani.

#39 Kiazi_Kitamu
😂😂😂 Mama mkwe mkulima!

#40 Mzee_wa_Hekima
Mimi naaga.

#41 FundiFanesi
Kabla hajaondoka Mzee na kabla hatujasahau: nimeona watu PM wananiuliza mbona hawatoboi ukuta wamwage hewa nje wamalize. Naomba niseme hadharani.

Hewa unayoitoa lazima iingie nyingine mahali fulani. Ukiitoa kwa nguvu besimenti iliyofungwa, nyumba itaivuta kwa njia iliyo rahisi. Kama mna tangi la maji moto la gesi la zamani, lile lenye bomba la bati linalopanda juu kwa moshi wake wenyewe, njia rahisi ni hilo bomba. Moshi unarudi chini badala ya kutoka. Humo mna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu hata chembe, pua ya mama mkwe haitasaidia. Fanesi mpya zenye mabomba mawili ya plastiki yanayokwenda nje hazina shida hiyo, zinachukua hewa yao nje. Tangi ndilo la kuangalia. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe karibu na vyumba vya kulala, na mwite fundi apime kabla ya kutoboa.

#42 Bomba_la_Moshi
Hilo naunga mkono asilimia mia. Ila kumwaga hewa ndani nako kuna gharama yake. Maji karibu yote mnayomwagilia miche inayatoa hewani kupitia majani. Mkimwaga lita 5, hizo lita 5 ziko ndani ya nyumba, na kwa baridi ya huko zinakwenda kuganda kwenye vioo vya madirisha na kuotesha ukungu pembeni. Mashine ya kukausha hewa iwekwe besimenti, si ndani ya tenti maana inatoa joto. Na siku za kukausha mavuno ndizo zitanuka kuliko hizi. Kaushieni humo humo kwenye tenti, feni na filta zikiwa kazini, nyuzi 18 hadi 20, unyevu 55 hadi 60.

#43 MsambaaWaBaridi
Mrejesho. Feni ina taima yake sasa na haizimi. Mdomo wa bomba umegeuzwa, kitambaa kimefuliwa, tepu ya alumini imepigwa. Unyevu wa usiku umeshuka hadi 57. Sebuleni hata mgeni hajui. Mume anadai ni taima, mimi nasema ni tepu. Tulifanya vyote siku moja kwa hiyo hakuna atakayejua.

Chumba cha watoto bado, hasa alfajiri. Soketi mbili za ukuta wa jirani zinapeperusha moshi. Na tundu la maji la sakafu ya besimenti lilikuwa kavu, nimemwaga ndoo kwa kuwa mtu wa PM aliniambia likikauka hewa ya bomba la majitaka inapanda.

#44 Mswahili_Bonn
Alfajiri ndipo nje kuna baridi kali kuliko saa zote, kwa hiyo mvuto wa dohani ndipo unapokuwa mkubwa. Nawaachia.

#45 Bukavu_Winnipeg
Alfajiri ndipo kicheche anarudi kulala. Nami nawaachia.

#46 Dagaa_wa_Kirumba
Wakuu samahani naingilia. Mimi nina stoo ya dagaa karibu na Mwaloni, Mwanza, na chumba cha pili napangisha wageni. Wageni hawarudi mara ya pili. Hii filta ya mkaa na feni inaweza kunisaidia?

#47 Kemia_ya_Mtaa
Kidogo sana. Harufu ya dagaa ni ya ukoo wa amonia, inaitwa trimethilamini, na mkaa wa kawaida hauishiki vizuri. Kuna mkaa uliolowekwa tindikali ya fosfori kwa kazi hiyo, lakini bei yake utalia. Njia yako ni tindikali: ndimu kwenye samaki inafanya kazi kwa sababu inageuza ile kemikali kuwa chumvi isiyoruka hewani. Osha sakafu na mbao kwa siki iliyozimuliwa, kisha suuza. Na ukuta kati ya stoo na wageni uzibwe juu hadi kwenye bati, usiishie kwenye dari.

#48 Dagaa_wa_Kirumba
Ukuta unaishia darini, umejuaje? Sakafu ni saruji, siki haitaila?

#49 Kemia_ya_Mtaa
Itaiuma taratibu ukiiacha ikae. Dakika chache halafu suuza kwa maji mengi. Mbao zinavumilia zaidi.

#50 Nyali_Boy
Dagaa, hiyo feni ikifika usiielekeze kwa wageni. Naomba vipimo vya stoo: urefu, upana, na kwenda juu. Mara hii nipe kwa mita.